Mukono wa Mama Mukakalisa

Goma, tarehe 4 Juni 1957

Kwa Papa Useni Assani, mwenye kuchora afishi, Bukavu

Papa,

Hunijui. Mimi ni katibu wa Umoja wa Wamama wa Goma, na afishi uliyotuchorea iko mbele yangu juu ya meza, maana jana niliibandua kwenye ukuta wa soko kwa kucha zangu. Watu walikuwa wananiangalia. Niliwaacha waangalie.

Najua kazi hii ulipewa na prezida wa komite yetu, Papa Télesphore Ntirenganya, na ulifanya alichokuomba. Kwa hiyo sikuandikii kwa hasira. Hasira yangu niliimaliza ukutani. Nakuandikia ili ujue jambo ambalo labda hakuna mutu aliyekuambia.

Sisi tunajenga nyumba. Iko ng'ambo ya dispanseri, na musingi wake tumekwisha kuuchimba sisi wenyewe, katika yale mawe meusi ya volkano ambayo ukiyapiga jembe, jembe linalia. Itakuwa nyumba ya wamama wenye mimba wanaotoka mbali, Rutshuru, Masisi, Sake. Wanafika mbele ya siku yao, hawana ndugu hapa, wanalala kwenye baraza za maduka wakingojea uchungu. Tarehe 18 Agosti, Jumapili, siku ya Mungu, tutafanya kermesi. Wamama watapika, watoto wataimba, watu watanunua na kuchanga, ili tupate mbao, simenti na manjanja, yale mabati ya kufunika nyumba. Afishi ndiyo ya kuita watu.

Sasa tazama yako inawaita namna gani. Mwanamuke mumoja, hana viatu, ameinama, mukono ameunyoosha mbele, kiganja kinaangalia juu. Chini yake maneno makubwa mekundu: TUHURUMIE.

Papa, yule mwanamuke yupo. Si picha tu. Anaitwa Mama Mukakalisa, na hata kovu la kidevuni umeliweka mahali pake. Ndiye aliyeanzisha Umoja huu, ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Tangu afishi zibandikwe, watoto wa sokoni wanamuita Mama Nipe. Hatoki tena nyumbani. Maharagwe yake anayauza jirani. Na wamama wote wamesema: kama Mama Mukakalisa haji kwenye kermesi, hakuna chungu kitakachokaa motoni.

Ile niliyoibandua naitia ndani ya bahasha hii, vipande vipande. Naomba utuchoree nyingine. Tafadhali usikawie.

Julienne Mukamugema
Katibu


Bukavu, tarehe 15 Juni 1957

Kwa Mama Katibu, Goma

Mama,

Barua yako ilishuka na masuwa ya juzi, ile meli ya ziwani. Niliisoma mwenyewe, kisha nikamusomea Faida, bibi yangu wa ndoa. Alisema, "Huyu mama anaandika kama mutu anayepasua kuni." Mimi nikasema, "Ndiyo, na kuni ni mimi."

Lakini nami nina neno. Baba yangu alikuja huku na biashara kutoka Kasongo, mimi nikakulia katika muji huu, na kila duka la Bukavu lenye jina ukutani, uliza nani aliliandika. Leo nafanya kazi kwenye emprimeri, nyumba ya kuchapa. Nachonga picha katika linoleumu, ile kitu laini ya kutandika sakafuni, tunaipaka wino, mashini inakandamiza karatasi. Hakuna mutu hata mumoja amewahi kurudisha kazi yangu. Wewe ni wa kwanza, na tena umeirudisha vipande vipande.

Prezida wenu alinitumia karti posta aliyoinunua dukani. Karti ilikuwa na mwanamuke, haikuwa na jina. Aliniandikia: "Chora kama hii, tena uongeze huzuni." Nikaongeza. Nilidhani mwanamuke wa karti posta hana kwao. Kumbe ana kwao, tena anauza maharagwe.

Basi nimeelewa. Wamama hawapendi kuonekana wabaya mbele ya watu. Hilo nalijua, nina bibi na dada. Ndani ya bahasha hii kuna mufano mupya, mwanamuke mwingine. Nilimutia nguvu zangu zote. Kama huyu naye atabanduliwa, nitarudi kuandika majina ya maduka.

Mungu awalinde.

Useni Assani


Goma, tarehe 27 Juni 1957

Papa Useni,

Sitaki kukuudhi, lakini ukweli utaujua hata nikiuficha. Tuliufungua mufano wako katika komite, na mwenzetu Mama Léonie alicheka mpaka akakaa chini.

Mwanamuke wako ni muzuri, hakuna anayekataa. Ana mwavuli. Ana viatu vya kisigino kirefu. Meno yake yanang'aa kama ya wale wa matangazo ya sabuni. Mama Léonie alisema, "Huyu akipanda juu ya mawe yetu na viatu hivi, sisi ndio tutamubeba mpaka dispanseri."

Papa Télesphore hakucheka. Aligonga meza. "Nimewaambia! Wakubwa wa kampuni na wa serikali hawatoi kitu kwa mutu mwenye mwavuli. Wanatoa kwa machozi. Munataka heshima ao munataka nyumba?"

Ujue, Papa Télesphore si mutu mubaya. Mutoto wake wa kwanza alizaliwa barazani, usiku wa mvua, na hakuishi. Anaitaka nyumba hii kuliko sisi wengi, na anaogopa.

Ndipo mulango ukafunguka, akaingia Mama Mukakalisa. Alikuwa amejifunika kikwembe mpaka machoni ili apite njiani. Akakifunua. Akaomba picha zote mbili, ya kwanza na ya pili, akaziweka mezani mbele yake, akaziangalia kwa muda mrefu.

"Huyu si mimi," alisema. Kisha akaonyesha ya pili. "Na huyu pia si mimi. Huyu mwenye kuchora ana mikono mizuri, lakini hajaniona. Nitaenda anione."

"Bukavu?" Papa Télesphore aliuliza. "Mama, wewe hujapanda masuwa hata siku moja."

"Na wewe hujazaa hata siku moja," alimujibu, "lakini unatuongoza."

Papa Télesphore akaangalia chini, kisha akacheka, mara ya kwanza siku ile. Ametupa mpaka katikati ya Julai. Kama hakuna afishi nyingine, ile ya kwanza inabaki, na inakwenda mpaka Rutshuru.

Kwa hiyo utamuona Mama Mukakalisa kwenye masuwa ya wiki ijayo. Umupokee kwa heshima, nakuomba sana. Mwanzoni ana haya. Baadaye hana.

Julienne Mukamugema


Bukavu, tarehe 7 Julai 1957

Kwa mutoto wangu Julienne,

Mimi Mama yako Mukakalisa nakusalimia. Anayeandika ni Papa Useni. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asitie maneno yake.

(Mama Katibu, kumbe ni mutoto wake! Useni.)

Nimefika. Masuwa ilinitapisha kutoka Goma mpaka Idjwi. Hiyo usiandike. Umeiandika? Basi.

Nyumba ya watu hawa ni safi. Mama Faida amenitandikia mukeka mupya, na anapika samaki na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, kama watu wa kwao Maniema. Nilidhani sitakula. Nilikula. Wanasali kwa namna yao, mimi nasali kwa namna yangu, Mungu anachagua.

Papa huyu ananiangalia kama mutu anayenunua ng'ombe. Ananisimamisha, ananikalisha, ananiambia, "Mama, beba jiwe." Nimemubebea. Nimemwambia mawe ya Bukavu ni mepesi, sisi kwetu mutoto anayachezea. Ananichora na kupasua, anachora na kupasua. Karatasi zimejaa chini ya kitanda.

Mbuzi asifungwe karibu na viazi. Mwambie Mama Léonie asisahau kwamba alinikopa chungu kikubwa, nakitaka mbele ya kermesi. Wewe ule. Ukisoma usiku na ile taa mbaya utaharibu macho.

Neno lingine. Jirani aliniambia umebandua afishi sokoni mbele ya watu. Hukuniambia kitu, nami sikukuuliza. Tulikaa ndani ya nyumba moja, kila mutu na kimya chake. Nilifikiri, mutoto wangu amesoma kwa masista, ameona mama yake ukutani kama mwenye kuomba, labda ana haya juu yangu. Hiyo nayo usiandike, Papa.

(Nimeiandika, binti. Unisamehe. U.)

Mama yako,
Mukakalisa


Bukavu, tarehe 9 Julai 1957

Binti yangu Julienne,

Siwezi tena kukuita Mama Katibu, maana nimeambiwa ulivyoanguka ndani ya pipa la pombe ya ndizi ulipokuwa mudogo. Lakini heshima iko palepale.

Barua hii mama yako haijui. Ameniambia mambo na amenikataza kuyaandika. Nimefikiri siku mbili, nikamuuliza Faida. Faida akasema, "Kama huyo mutoto hayajui, anakosa urithi wake." Basi nakuandikia.

Nilikuwa nimekwisha kuchora mara nyingi, na mukono wake unanishinda. Nikichora uso, sawa. Nikichora kikwembe, sawa. Nikifika mukononi, mukono unakuwa tena wa mwenye kuomba. Nikatupa kreyo, kalamu yangu ya kuchorea. Nikamwambia, "Mama, nisaidie. Siku ya picha ile ya karti posta, ulikuwa unaomba nini?"

"Kuomba? Mimi?"

"Mukono wako, mama. Uko wazi."

"Papa Useni, mukono wa kuomba na mukono wa kuinua mutu ni mumoja. Inategemea nani yuko mbele yake."

Kisha akanieleza. Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu, mwaka wa ile njaa kubwa ya Rwanda. Watu walikuwa wanavuka mupaka kwa miguu, wanapita njia ya Rutshuru wakitafuta chakula. Mama yako alikuwa anarudi kutoka shamba. Akakuta mwanamuke amekaa katikati ya njia, mimba imefika mwisho, hawezi kuendelea. Watu wanamuzunguka na kupita, kila mutu na njaa yake. Mama yako akatua muzigo wake. Akainama, akamunyooshea mukono, akamwambia, "Simama, twende."

Ng'ambo ya njia palikuwa na Muzungu mumoja na mashini ya picha. Mama hakumujua, hakumuona tena. Kama ni yeye aliyekata picha, kama ni wale wa kuchapa karti, sijui. Lakini kwenye karti yule mwanamuke wa chini hayupo. Umebaki mukono tu.

Alimuleta kwenu. Dispanseri ilikuwa na kitanda cha kuzalia, lakini haikuwa na mahali pa kungojea, wakamwambia arudi siku uchungu ukija. Uchungu ulikuja kabla hawajamaliza kunywa uji. Alizaa katika jikoni yenu, mutoto mwanaume, wakamuita Hitimana. Walikaa mpaka maharagwe yakaiva, kisha wakarudi kwao. Mama yako hajasikia habari zao tena. Wewe ulikuwa unasoma na kulala kwa masista, Rutshuru. Uliporudi likizo walikuwa wamekwenda.

"Siku ile," alisema, "ndipo nyumba hii ilianza kichwani mwangu. Imekaa humo miaka yote hii, inangoja wamama wa kuijenga."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema, watu walipokucheka?"

"Nani aliniuliza? Wote walikuwa wamekwisha kuona."

Kisha nikaokota kreyo, na mukono ukatoka mara moja. Utaona. Sikuuondoa. Nimemurudisha yule mwanamuke wa chini, ameshika mukono wa mama yako kwa nguvu, goti moja limekwisha kuacha udongo. Nyuma yao ni musingi wa nyumba na mawe meusi. Neno la huruma nimelifuta. Maneno ya afishi ni yake mwenyewe.

Patron wa emprimeri amekubali vizuri, mashini imefanya kazi yote. Afishi zitakuja na mama yako, zimefungwa vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Useni Assani


Goma, tarehe 19 Julai 1957

Papa Useni,

Mimi nilikuwa kwenye bandari masuwa ilipofika. Mama alishuka amebeba furushi la afishi kichwani, hakukubali mutu amusaidie. Kichwa hakikufunikwa. Nilikuwa nimesoma barua yako ya tarehe 9, iliyofika siku mbili mbele yake, na nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia. Nilimushika mukono tu. Aliuangalia mukono wangu, akaniangalia mimi. "Kumbe yule mutu ameandika," alisema. "Nilimukataza."

Tulitembea mpaka nyumbani tumeshikana hivyo. Nilimwambia sikuwa na haya juu yake hata siku moja. Nilikuwa na haya juu yangu, kwamba naishi naye na sikujua namna ya kumuuliza. Alisema, "Basi uliza sasa." Nimeuliza, Papa. Bado nauliza. Kila siku ananipa kidogo.

Lakini wewe nawe umenificha jambo. "Patron amekubali vizuri, mashini imefanya kazi yote." Mama amenieleza. Hakuna mashini! Patron alisema kazi ya prezida wetu imekwisha kulipwa na kutolewa, hana nafasi ya nyingine. Ukachonga nyumbani. Mukapaka wino ile linoleumu, chini sakafuni, mukaweka karatasi juu, wewe na Mama Faida, mukasugua kila moja na mugongo wa kijiko cha muti mpaka picha ikashika. Mama anasema mikono ya Mama Faida ilikuwa imevimba, na alikuwa anaimba. Nimezishika moja moja. Sasa naona kwamba hazifanani kabisa. Hapa wino ni muzito, hapa mwepesi. Ni kama watu.

Nilipeleka ya kwanza kwa Papa Télesphore kabla komite haijakutana. Niliona ni vizuri aione peke yake. Aliisoma kwa sauti: SIMAMA, TWENDE. Akauliza yule wa chini ni nani. Nikamweleza yote, jikoni, uji, mutoto. Alitoa lineti zake za macho akazipangusa, akazipangusa tena. Mwisho alisema, "Kulikuwa na mutu katika muji huu mwenye mulango wazi, na sisi hatukujua." Nilielewa anafikiria baraza na ile mvua. Kisha akasema, "Na zile za kwanza zibanduliwe. Nitazibandua mimi, maana mimi ndiye niliyezibandika." Na alifanya hivyo, Papa, amevaa koti lake na tai, na ndoo ya maji, duka kwa duka. Watoto wakamufuata.

Jambo moja limenisumbua: jina lako halikuwa popote. Nimeliandika kwa wino wangu chini ya kila afishi. Imechorwa na Useni Assani wa Bukavu. Zimekwisha kubandikwa mpaka Sake, na camion, yale malori ya Rutshuru, zimezibeba.

Mutoto wenu,
Julienne


Bukavu, tarehe 6 Agosti 1957

Binti yangu,

Jina langu lilifika Bukavu mbele ya barua yako. Shofere mumoja alitoka huko na afishi imebandikwa kwenye mulango wa camion yake, akasimama mbele ya emprimeri kupakia karatasi.

Patron aliniita. Afishi ilikuwa mezani kwake. Ujue, kwetu hapa mufanyakazi haweki jina lake kwenye kazi, na kuchapa nyumbani ni mwiko. Nilifikiri, Faida, tutakula nini.

"Ni wewe?" aliuliza.

Ningeweza kusema kuna Useni wengine. Tuko wengi, sisi watu wa Kasongo. Lakini nilimuona mama yako mbele ya macho yangu, na jiwe lake.

"Ni mimi," nilisema.

"Mashini gani?"

"Kijiko, patron."

Aliiinua mwangani. Kisha akasema, "Rudi kazini." Ni hayo tu. Nilirudi, nikangoja jioni nifukuzwe. Sikufukuzwa. Kesho yake niliingia ofisini kupeleka karatasi, nikaiona afishi imepigiliwa ukutani nyuma ya kiti chake, jina langu chini, kwa mwandiko wako.

Faida amenishonea shati jipya. Anasema mutu mwenye jina hawezi kuvaa lile la zamani.

Sitaweza kuja kwenye kermesi, sithubutu kuomba ruhusa mwezi huu. Uniandikie yote. Usinifiche hata kama hawakuja watu.

Useni Assani


Goma, tarehe 25 Agosti 1957

Papa Useni, na Mama Faida ambaye najua anasikiliza,

Mutafute kiti mukae.

Asubuhi ya kermesi tulikuwa tayari. Vyungu vilikuwa motoni, cha Mama na vya wengine. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa. Papa Télesphore alikuwa na kisanduku cha michango juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na wakubwa wa kampuni na wa serikali walikuwa wamekalishwa kwenye viti vya mbele. Tukangoja watu.

Tuliona kwanza vumbi kwenye njia ya Sake. Halafu tukasikia wimbo. Walikuwa wanatoka upande wa lile ziwa dogo, Lac Vert, wanawake na wanaume, wamejipanga mustari, na kila mutu alikuwa na jiwe kichwani. Jiwe, Papa! Mawe meusi, yaliyochongwa upande mumoja tayari kwa kuta. Papa Télesphore alisimama. "Hawa wanafanya nini?"

Mwanaume wa mbele akatua jiwe lake mbele ya meza yenye kitambaa cheupe. "Tumesoma afishi," alisema. "Tumeitwa kusimama, tumesimama. Tumeambiwa twende, tumekuja. Kazi iko wapi?"

Papa Télesphore akaniangalia. Mimi nikamuangalia. Hatukuwa tumeandika kuhusu kazi, tulikuwa tumeandika kuhusu kermesi, chini, kwa herufi ndogo. Lakini watu walikuwa wamesoma maneno makubwa.

Halafu zikaja camion za Rutshuru. Nsanzimana, yule shofere uliyemuona huko, alikuwa mbele, amepakia miti na watu juu ya miti. Wazee wa Masisi walileta kamba na matete. Mwashi mumoja alikuja na watu wake watatu, na mwiko wa kujengea mufukoni, anauliza simenti iko wapi. Wale wakubwa kwenye viti wakaanza kutazamana. Mumoja wao alimuuliza Papa Télesphore, "Munaomba nini hasa?"

Nilimuona akisita. Nilijua neno alilokuwa amelitayarisha kwa muda mrefu, na lilikuwa na machozi ndani yake. Alilimeza. "Bwana," alisema, "hatuombi. Tunajenga. Kama unapenda kujenga na sisi, bado tunakosa simenti na manjanja."

Kisha akavua koti, akalitundika kwenye kiti chake, akaenda kubeba mawe.

Simenti ilifika muchana, na camion ya yule aliyeuliza. Manjanja yameahidiwa na watu wa serikali, na juzi yamefika. Kisanduku nacho kilijaa, sitakuambia ni ngapi, sikuona mutu aliyekaa kuhesabu. Watoto waliimba wakipitisha mawe mukono kwa mukono. Tulikula wima. Kuta zilifika kiunoni mwangu siku ile ile.

Mama hakutaka kukaa mbele. Alikuwa anazunguka na uji, anaonja chumvi ya kila chungu, anawagombeza wapishi. Watu wa mbali walikuwa wanamuangalia, wanaangalia afishi, wanamuangalia tena. Mwanamuke mumoja wa Masisi, mutoto mugongoni, alimushika kikwembe akamuuliza kwa Kinyarwanda, "Ni wewe?" Mama akasema, "Ni mimi." Hakuinama, hakuficha uso. Nilikuwa karibu na ndoo ya maji, nikaimwaga yote miguuni mwangu bila kujua.

Jioni Papa Télesphore aliomba kimya. Alitaja kila kijiji kilicholeta watu. Kisha akasema kuna mutu wa Bukavu, hayupo, ambaye alichora afishi hii na kuichapa kwa kijiko pamoja na bibi yake. Akasema jina lako lote, na jina la Mama Faida. Watu walipiga vigelegele mpaka ndege wakatoka kwenye miti ya dispanseri. Nadhani mulikuwa munakula wakati ule. Kama mulisikia kitu masikioni, ni hiyo.

Wiki hii wanapaua. Wamama watatu wamekwisha kufika wanangojea kuzaa, hatukuwa na nguvu ya kuwaambia warudi. Wanalala kwenye chumba cha mwisho, chenye matete juu kwa sasa, na muchana wanatutwangia. Mumoja anatoka Rutshuru, miguu imevimba, anacheka sana.

Sasa sikiliza neno la Mama. Ananisimamia hapa mugongoni, ananiambia niandike sawasawa. Anasema ukuta wa mbele, ule unaoangalia barabara, tumeupaka chokaa jana. Ni mweupe wote, mwanzo mpaka mwisho, na ni mbaya kuuangalia mutupu. Hataki karatasi tena, mvua ya Septemba inakuja na itazila. Anataka uje uchore hapo Mama Léonie na chungu, Papa Télesphore bila koti, watu wa Sake, na mutu asiachwe. Nimemwambia ukuta hautatosha. Anasema kuna kuta nne.

Omba ruhusa, Papa. Kama patron anakataa, mwambie aje naye. Mukeka wa Mama Faida tumekwisha kuusuka.

Julienne Mukamugema
mutoto wa Mukakalisa